Manute Bol

Manute Bol (16 Oktoba 1962 – 19 Juni 2010) alikuwa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu na mtetezi wa watu wa Sudan Kusini. Alicheza katika NBA, ligi kuu ya mchezo huo nchini Marekani, kuanzia mwaka 1985 hadi 1994. Kwa urefu wake wa mita 2.31 anahesabiwa, pamoja na Gheorghe Mureșan wa Romania, kuwa mchezaji mrefu kuliko wote katika historia ya ligi hiyo.

Bol anakumbukwa kwa mambo mawili. La kwanza ni uwezo wake wa kuzuia mitupo ya wapinzani: katika michezo 624 ya NBA alizuia mitupo 2,086, ilhali alifunga pointi 1,599 tu. Miongoni mwa wachezaji waliodumu katika ligi hiyo, ni yeye pekee aliyestaafu akiwa amezuia mitupo mingi kuliko pointi alizofunga. La pili ni kwamba sehemu kubwa ya fedha alizopata aliitoa kwa ajili ya watu wake wakati wa vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe nchini Sudan, hadi mwenyewe akabaki na mali kidogo.

Kuzaliwa na ukoo

Bol alikuwa Mdinka. Wadinka ni kabila kubwa kuliko yote nchini Sudan Kusini. Wanaishi pande zote mbili za Nile Nyeupe na katika nchi ya Bahr el Ghazal, kaskazini mwa Ziwa Viktoria ambako mto huo huanzia. Kama ilivyo kwa Wasukuma na Wamasai, ng'ombe kwao ni utajiri, ni mahari, na ni heshima ya ukoo.

Nyumbani kwao Bol ni Turalei, mji mdogo ulio leo katika jimbo la Warrap. Babu yake, Bol Chol, alikuwa chifu, na baba yake alikuwa mzee wa heshima katika jamii. Jina Manute huelezwa kuwa na maana ya baraka maalumu. Ukoo mzima ulikuwa wa watu warefu, wanaume kwa wanawake, kwa hiyo urefu wake haukutokana na ugonjwa bali aliurithi.

Tarehe ya kuzaliwa inayotumika rasmi ni 16 Oktoba 1962. Hata hivyo, kama watoto wengi wa vijijini wa wakati ule, Bol hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na baadhi ya waliomfahamu waliamini kwamba alikuwa na umri mkubwa zaidi.

Utoto wake aliupitisha akichunga ng'ombe. Alipitia pia mila za Kidinka za kung'olewa meno ya mbele ya chini na kuchanjwa chale kwenye paji la uso. Baadaye, alipokuwa mashuhuri, alisimulia kwamba katika siku za uchungaji alimuua kwa mkuki simba aliyekuwa akisumbua mifugo, tena akamvizia simba huyo akiwa amelala. Waandishi wa Marekani waliipenda sana hadithi hiyo, wakaiandika mara nyingi kuliko habari za vita vilivyokuwa vikiendelea nyumbani kwao.

Kuanza mpira wa kikapu

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa kandanda, lakini aliuacha kwa sababu ya urefu. Alipokuwa kijana alianza mpira wa kikapu katika mji wa Wau, kisha akaenda kucheza Khartoum, mji mkuu wa Sudan. Inasimuliwa kwamba alipojaribu kwa mara ya kwanza kuutumbukiza mpira kikapuni kwa nguvu, meno yake yalinasa katika wavu na akavunjika baadhi yake. Hata hivyo hakuacha.

Maisha ya Khartoum hayakuwa rahisi. Watu wa kusini walidharauliwa na wengi wa kaskazini kwa sababu ya rangi, lugha na dini zao, na kijana mrefu kiasi kile hakuweza kujificha. Hata hivyo alichezea timu ya taifa ya Sudan. Huko ndiko alikoonwa na Don Feeley, kocha Mmarekani aliyefika Sudan mwaka 1982 kufundisha. Feeley alimshawishi aende Marekani.

Safari ya kwenda Marekani

Bol aliondoka Sudan mwaka 1983, mwaka uleule vita vya pili vya kaskazini na kusini vilipoanza. Vita vya kwanza vilikuwa vimekwisha mwaka 1972 kwa mapatano ya Addis Ababa, yaliyoipa kusini serikali yake ya ndani. Rais Jaafar Nimeiri alipoivunja serikali hiyo na kutangaza sheria za Kiislamu kwa nchi nzima, jeshi la ukombozi la SPLA likaundwa chini ya John Garang, naye Mdinka. Kwa hiyo miaka yote ambayo Bol alikuwa akipanda ngazi katika michezo, kwao kulikuwa kunaungua.

Mwaka huohuo wa 1983 timu ya San Diego Clippers ilimchagua katika mzunguko wa tano wa uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, lakini ligi ilibatilisha uteuzi huo kwa kuwa taratibu za kujiandikisha hazikufuatwa. Pasipoti yake nayo ilizua maswali, kwa sababu iliandikwa kuwa ana urefu wa futi 5 na inchi 2, yaani kama mita 1.57. Bol alieleza kwamba maofisa walimpima akiwa ameketi.

Baada ya hapo alipelekwa Cleveland, jimbo la Ohio, kujifunza Kiingereza ili aingie chuo kikuu huko. Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo, na hakuwahi kuandikishwa katika chuo hicho. Mwaka 1984 alijiunga na Chuo Kikuu cha Bridgeport katika jimbo la Connecticut, kilichocheza katika daraja la pili la michezo ya vyuo. Katika msimu mmoja alioucheza pale alikuwa na wastani wa pointi 22.5 na mitupo 7.1 aliyoizuia kwa kila mchezo. Timu ilishinda michezo 26 na kupoteza 6, na ukumbi mdogo wa chuo ukawa unajaa watu.

Mwaka 1985 alichezea kwa muda mfupi timu ya Rhode Island Gulls. Kisha, katika uteuzi wa NBA wa mwaka huo, timu ya Washington Bullets ilimchukua katika mzunguko wa pili, akiwa mchezaji wa 31 kuteuliwa.

Miaka ya NBA

Washington Bullets (1985–1988)

Msimu wake wa kwanza ndio uliokuwa bora kuliko yote. Katika michezo 80 alizuia mitupo 397, karibu mitano kwa kila mchezo, na kuongoza ligi nzima. Hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kufikisha idadi hiyo katika msimu wake wa kwanza. Kwa wachezaji wote, idadi hiyo inapitwa na ile ya Mark Eaton pekee, aliyezuia mitupo 456 katika msimu wa 1984–85. Bol alichaguliwa katika timu ya pili ya walinzi bora wa ligi.

Mara mbili alizuia mitupo 15 katika mchezo mmoja: tarehe 25 Januari 1986 dhidi ya Atlanta Hawks na tarehe 26 Februari 1987 dhidi ya Indiana Pacers. Rekodi ya ligi ni mitupo 17, iliyowekwa na Elmore Smith mwaka 1973.

Katika msimu wa 1987–88 Bullets walimsajili Muggsy Bogues, mwenye urefu wa mita 1.60, mchezaji mfupi kuliko wote katika historia ya NBA. Tofauti yake na Bol ilikuwa sentimita 71, na picha za wawili hao wakiwa wamesimama pamoja zilienea duniani kote.

Golden State Warriors (1988–1990)

Mwaka 1988 Bol alihamia Golden State Warriors ya California, chini ya kocha Don Nelson. Katika msimu wake wa kwanza huko alizuia mitupo 345 na kuongoza ligi kwa mara ya pili. Nelson alimruhusu pia kutupa kutoka nyuma ya mstari wa pointi tatu, jambo ambalo wachezaji warefu wa wakati ule hawakulifanya. Msimu huo alijaribu mitupo 91 ya aina hiyo na kufunga 20. Mashabiki walikuwa wakipiga kelele kila anapopata mpira mbali na ringi, wakimtaka autupe.

Philadelphia 76ers (1990–1993)

Mwaka 1990 alihamia Philadelphia 76ers, alikocheza pamoja na Charles Barkley. Tarehe 3 Machi 1993, katika mchezo dhidi ya Phoenix Suns, timu ambayo Barkley alikuwa amehamia, Bol alifunga mitupo sita ya pointi tatu katika kipindi cha pili pekee.

Miaka ya mwisho

Katika msimu wa 1993–94 alipita katika timu tatu: Miami Heat, Washington Bullets na Philadelphia 76ers. Mwaka 1994 alirudi Golden State Warriors, lakini goti liliumia baada ya michezo mitano, na Novemba mwaka huo akacheza mchezo wake wa mwisho katika NBA. Baadaye alicheza kidogo katika ligi ndogo ya Marekani na nchini Italia. Maumivu ya viungo yaliyosababishwa na baridi yabisi yakamlazimisha kuacha kabisa.

Namna yake ya kucheza

Ringi ya mpira wa kikapu iko mita 3.05 kutoka chini. Bol aliponyosha mkono aliweza kuigusa bila kuruka, na alipotandaza mikono yote miwili upana wake ulikuwa takriban mita 2.59. Lakini urefu peke yake hauzuii mitupo. Kwa kanuni za mchezo, mlinzi anaweza kuugusa mpira uliotupwa wakati unapanda tu. Ukishaanza kushuka kuelekea ringi haruhusiwi kuugusa, na akifanya hivyo pointi huhesabiwa kana kwamba mpira umeingia. Kwa hiyo kazi ya Bol ilihitaji kupima muda: kumsubiri mpinzani aachie mpira, kisha kuufikia kabla haujafika kileleni mwa njia yake.

Takwimu zinaonyesha mitupo aliyoizuia. Hazionyeshi mitupo ambayo wapinzani hawakuthubutu kuitupa. Wachezaji waliozoea kwenda moja kwa moja hadi chini ya ringi waligeuka na kutafuta njia nyingine walipomwona amesimama hapo.

Udhaifu wake ulikuwa wazi pia. Alikuwa na uzito wa takriban kilo 91 tu, mdogo sana kwa kimo chake, na wapinzani wenye miili mizito walimsukuma kwa urahisi. Wastani wake wa kufunga ulikuwa pointi 2.6 kwa mchezo. Kwa sababu hiyo baadhi ya watu walimwona kama kitu cha kutazamwa tu, si mchezaji kamili. Hesabu ya mitupo 2,086 inajibu hoja hiyo. Wastani wake wa mitupo 3.3 kwa mchezo ni miongoni mwa ile ya juu kabisa katika historia ya NBA.

Vita vya Sudan na fedha zake

Vita vya pili vya Sudan vilidumu kuanzia 1983 hadi 2005. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni mbili walikufa kwa silaha, njaa na magonjwa, na wengine mamilioni walikimbia makazi yao, wakiwemo waliofika Ethiopia, Uganda na kambi ya Kakuma nchini Kenya. Nchi ya Wadinka wa Bahr el Ghazal iliathirika vibaya: vijiji vilichomwa, ng'ombe waliporwa, watoto na wanawake walitekwa. Bol alipoteza ndugu wengi katika miaka hiyo.

Kufikia Philadelphia mshahara wake ulikuwa umezidi dola milioni moja kwa mwaka. Alitembelea kambi za wakimbizi, akatoa fedha za chakula na misaada, na akaisaidia harakati ya ukombozi ya kusini. Nyumba yake Marekani ilikuwa kituo cha Wasudani waliohitaji pa kulala, nauli au karo. Alikwenda pia Washington kuwaeleza wabunge wa Marekani hali ya Sudan, wakati ambapo vita hivyo havikupewa nafasi kubwa katika vyombo vya habari. Jumla ya fedha alizotoa katika miaka yake ya NBA inakadiriwa kuwa dola milioni 3.5.

Kutoa huko kunaeleweka vizuri zaidi kwa kuangalia desturi alimokulia. Kwa Wadinka, mtu mwenye ng'ombe wengi hawi tajiri kwa ajili yake peke yake. Ndugu akitaka kuoa, au akipatwa na msiba, ana haki ya kumwendea. Mjukuu wa chifu aliyepata mamilioni ilhali ukoo wake unakufa njaa hakuweza kuhesabu mali ile kuwa yake tu. Wapo walioona kwamba angeweka akiba ya uzeeni kwanza. Wengine waliona kwamba waliokula chakula kile wasingeweza kusubiri uzee wake.

Khartoum na Cairo

Mwaka 1997 serikali ya Sudan ilitia saini mapatano na baadhi ya makundi ya kusini. Bol aliunga mkono juhudi za amani na akahamia Khartoum. Uamuzi huo uliwashangaza wengi, kwa kuwa serikali hiyo ndiyo aliyokuwa akiipinga. Inaelezwa kwamba aliahidiwa uwaziri wa michezo, lakini akakataa alipotakiwa kwanza kusilimu, kwani yeye alikuwa Mkristo.

Mapatano hayo hayakuleta amani. Bol alishukiwa kuwasaidia waasi wa SPLA na akazuiwa kuondoka nchini. Fedha zilikuwa zimekwisha, na mtu aliyewahi kujaza viwanja vya Marekani akawa anaishi Khartoum kwa shida pamoja na familia yake. Rafiki zake wa Marekani, hasa wa Connecticut, walichanga fedha na kuomba msaada wa viongozi, miongoni mwao Seneta Joseph Lieberman. Hatimaye familia ilifika Cairo, nchini Misri, ikasubiri huko kwa miezi, na mwaka 2002 ikapokelewa Marekani kama wakimbizi. Bol alikaa West Hartford, Connecticut, jimbo lilelile alikoanzia mpira wa chuo.

Ngumi, barafu na farasi

Aliporudi Marekani Bol alianzisha mfuko wa Ring True wa kuwasaidia watoto wa Sudan. Hakuwa tena na mshahara wa NBA, ila alikuwa na jina na kimo chake, navyo akavitumia.

Mwaka 2002 alikubali kupigana ngumi katika kipindi cha televisheni cha watu mashuhuri, dhidi ya William Perry, mchezaji mstaafu wa kandanda ya Kimarekani aliyejulikana kwa unene wake. Sharti la Bol lilikuwa namba ya simu ya mfuko wake ionyeshwe kwa watazamaji. Alishinda pambano hilo, na malipo ya takriban dola 35,000 yakaenda kwa watoto wa Sudan. Mwaka huohuo alitia saini mkataba wa siku moja na timu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Indianapolis Ice, ingawa hakujua kuteleza juu ya barafu. Mwaka 2003 alivaa mavazi ya mpanda farasi wa mashindano katika uwanja wa Hoosier Park, Indiana.

Watu wengi walimcheka. Wengine walisikitika kuona mchezaji mkubwa akifanywa kichekesho. Bol alijua wanachokicheka, na alikubali kuchekwa kwa sababu kila tukio lilileta fedha na kuwafanya watu waulize habari za Sudan.

Ajali na kazi ya upatanisho

Julai 2004 Bol alikuwa abiria katika teksi iliyopata ajali mjini Colchester, Connecticut. Dereva alikuwa amelewa. Bol alitupwa nje ya gari, akavunjika shingo na kupata majeraha makubwa. Alipona, lakini tangu hapo alitembea kwa shida. Baadaye alihamia Olathe, jimbo la Kansas.

Tarehe 9 Januari 2005 mkataba wa amani kati ya serikali ya Sudan na SPLM ulitiwa saini jijini Nairobi, baada ya mazungumzo marefu yaliyofanyika Kenya. Wakati huohuo vita vingine vilikuwa vimewaka Darfur, magharibi mwa Sudan. Wengi wa watu wa Darfur ni Waislamu, na baadhi yao walikuwa wamepigana katika jeshi la serikali dhidi ya kusini. Bol, aliyekuwa amepoteza ndugu mikononi mwa jeshi hilo, alichagua kuwatetea. Mwaka 2006 alishiriki katika matembezi kutoka New York hadi Washington yaliyoandaliwa kuionyesha dunia mateso ya Wasudani.

Alifanya kazi na shirika la Sudan Sunrise, lililolenga kuwapatanisha Wasudani kwa kujenga shule. Alitaka zijengwe shule 41 kusini, na ya kwanza iwe Turalei. Waislamu kutoka Darfur na Wakristo wa kusini walisaidiana katika ujenzi huo. Kwa Bol shule ilikuwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakukipata utotoni, na kazi ya pamoja ya kuijenga ilikuwa nusu ya somo.

Kifo

Mwishoni mwa mwaka 2009 Bol alikwenda Sudan kuangalia ujenzi wa shule ya Turalei. Rais wa Sudan Kusini, Salva Kiir, alimwomba abaki hadi uchaguzi wa Aprili 2010 ili asaidie kuwahimiza wananchi wapige kura kwa amani na kukataa rushwa. Bol alikubali ingawa afya yake ilikuwa imeanza kudhoofika.

Akiwa njiani kurudi nyumbani Kansas alizidiwa katika eneo la Washington, akapelekwa hospitali na baadaye akahamishiwa hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia, Charlottesville. Figo zake zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi, na alikuwa na ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambao hubabua ngozi na utando wa mdomo na mara nyingi husababishwa na mwili kuikataa dawa fulani. Alifariki tarehe 19 Juni 2010. Kwa tarehe rasmi ya kuzaliwa alikuwa na umri wa miaka 47.

Ibada ya mazishi ilifanyika katika Kanisa Kuu la Taifa mjini Washington. Kisha mwili ulisafirishwa hadi Turalei na kuzikwa katika ardhi ya ukoo wake. Katika kura ya maoni ya Januari 2011 zaidi ya asilimia 98 ya wapiga kura wa kusini walichagua kujitenga, na tarehe 9 Julai 2011 Sudan Kusini ikawa nchi huru. Bol aliikosa siku hiyo kwa muda wa mwaka mmoja na siku ishirini. Mwaka 2016 nchi hiyo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Urithi

Bol hakuwa Mwafrika wa kwanza kung'ara Marekani: Hakeem Olajuwon wa Nigeria alimtangulia kwa mwaka mmoja. Lakini Olajuwon alitoka Lagos, mji mkubwa, na Bol alitoka kwenye zizi la ng'ombe. Kufaulu kwake kuliwafanya makocha wa Marekani watazame pia sehemu za Afrika ambazo hazikuwa na viwanja wala ligi. Dikembe Mutombo wa Kongo aliingia NBA mwaka 1991. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Connecticut, akawa Mtanzania wa kwanza katika ligi hiyo, akiwa mchezaji wa pili kuteuliwa mwaka huo.

Urithi wa karibu zaidi ulipitia kwa Luol Deng, Mdinka aliyezaliwa Wau mwaka 1985. Familia ya Deng ilikimbilia Misri, na huko Bol alimfundisha mpira wa kikapu mmoja wa kaka zake. Luol Deng alicheza NBA kuanzia 2004 na kuchaguliwa mara mbili katika mchezo wa nyota wa ligi. Baada ya kustaafu akawa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini. Chini yake timu ya taifa, ambayo wachezaji wake wengi ni watoto wa wakimbizi, ilifuzu Kombe la Dunia la 2023 na Michezo ya Olimpiki ya Paris ya 2024. Katika mchezo wa kujipima nguvu uliofanyika London Julai 2024, timu hiyo ilifungwa na Marekani kwa tofauti ya pointi moja tu, 101 kwa 100. Siku chache baadaye, katika Olimpiki, karibu na mji wa Lille, iliifunga Puerto Rico 90 kwa 79.

Mwanawe, Bol Bol, aliyezaliwa Khartoum mwaka 1999 na kufika Marekani akiwa mtoto mdogo, aliteuliwa na NBA mwaka 2019. Jina lake la kwanza ni la babu wa baba yake, chifu Bol Chol.

Kwa hesabu za benki, Manute Bol alikufa akiwa na kidogo kuliko wachezaji wengi wa hadhi yake. Hakubaki na jumba wala kampuni. Alichoacha ni rekodi ya mitupo aliyoizuia, shule iliyoanzwa Turalei, na idadi isiyojulikana ya watu waliovuka miaka ya njaa kwa fedha zake.